Moshi kwa miguu ya mtoto

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani Kilimanjaro. Yakifika Moshi mjini yanasimama kujaza mafuta, akina mama wanashuka kununua nyama, mchele na kreti za soda, kisha safari inaendelea kupanda: Machame, Kibosho, Uru, Kilema, Marangu, Rombo. Mji wenyewe unaachwa nyuma. Wageni wa kutoka nje nao wanalala hotelini usiku mmoja, asubuhi wanapelekwa getini kupanda mlima, wakishuka wanarudishwa uwanja wa ndege, KIA. Mimi naishi hapa. Nalea hapa watoto wawili, kifungua mimba wa miaka saba na kitinda mimba wa miaka minne, na kila likizo nyumba inajaa watoto wa ndugu zangu. Naandika haya kuwaomba wazazi wenzangu jambo moja: mkipita na watoto, simameni. Tulieni Moshi siku mbili tatu. Ni mji wa historia unaotembeka kwa miguu ya mtoto, na sehemu kubwa ya historia yake inalika.

Mtoto wa miaka minne hasomi kibao. Ukimsimamisha mbele ya ukuta wa zamani ukaanza kumweleza nani aliujenga, yeye ameshaona mjusi. Hana kosa. Anaijua dunia kwa mikono, kwa ulimi na kwa maswali, na mji unaompa vitu vya kushika, kuonja na kuuliza hausahau. Ndiyo maana ratiba yangu na wageni wadogo ni nyepesi: sehemu moja asubuhi kabla jua halijawa kali, chakula, usingizi wa mchana, kisha jambo dogo jioni. Wazazi wanaopanga sehemu tatu kwa siku nawaona wakirudi saa tisa wamebeba watoto mgongoni, watoto wanalia, na baba ananuna.

Sisi tunaanza stesheni, kwa sababu bila reli mji huu usingekuwa hapa ulipo. Moshi ya kwanza ilikuwa juu mlimani, kwa Mangi Rindi, yaani mtawala wa huko, na baadaye kwa mwanawe Meli, na Wajerumani walijenga boma lao huko huko. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ilikwenda kwa kusuasua, ikapita Korogwe na Mombo, ikaambaa chini ya milima ya Usambara na Upare, na ilipofika huku mwaka 1911 haikupanda mlima. Ikabaki tambarare, na ofisi, maduka na maghala yakashuka kuifuata. Kule juu kukaitwa Old Moshi mpaka leo, na watu wa kule wanalitaja jina hilo kwa fahari ya wenye mji.

Haya yote nawaambia watoto kwa sentensi mbili tu, tumechuchumaa: "Zamani mji ulikuwa kule juu. Treni ilipokuja haikuweza kupanda, basi mji ukashuka." Wanaelewa hapo hapo. Wakishaelewa wanataka kuhesabu mataruma na kugusa chuma kuona kama kimeshapata joto. Kabla ya yote tunamsalimia mlinzi na kumwomba ruhusa. Watoto wakimtolea shikamoo ya pamoja, mara nyingi yeye mwenyewe anageuka mwalimu, anawaonyesha njia ya kwenda Tanga ni ipi na ya kwenda Arusha ni ipi. Mkono wa mdogo siuachii, kwa kuwa reli hii inatumika. Treni ya abiria ilikoma miaka ya 1990, kizazi kizima cha Moshi kikakua bila kuisikia, na abiria wakarudi Desemba 2019 kwa safari ya Dar es Salaam hadi hapa. Siku zake ulizeni stesheni yenyewe. Na kama mnaweza kuja kwa treni badala ya basi, njooni kwa treni. Ndani ya basi mtoto anafungwa kitini kutwa nzima. Kwenye treni anasimama, anatembea, anachungulia wauza machungwa kwenye vituo, na akilala analala kweli.

Kutoka stesheni mnapanda taratibu kuelekea mnara wa saa. Barabara zimenyooka, na mitaa inabeba majina ambayo mtoto ataendelea kukutana nayo: Kibo, Mawenzi, Rindi. Ndani ya mwendo mfupi mnapita msikiti, hekalu la Wahindu na makanisa, na maduka ya Wahindi yenye vibaraza vya kupumzika kivulini. Moshi inasifika nchi nzima kwa usafi, na ukitupa taka ovyo unaweza kupigwa faini. Binti yangu mdogo aliwahi kubeba ganda la ndizi mkononi kutoka sokoni mpaka kwenye kiplefti cha mnara wa saa, limeshakuwa jeusi, hataki nilipokee, mpaka akaliona pipa akalitia mwenyewe. Somo la uraia la namna hiyo silipati kwingine kirahisi.

Karibu na mnara wa saa lipo jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na hapo ndipo nawaambia habari ya kahawa. Wamisionari Wakatoliki waliileta kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga wakaipenda, wakaipanda chini ya migomba yao, na walowezi wenye mashamba makubwa hawakufurahi hata kidogo. Walitaka Mwafrika azuiwe kuilima. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kujilinda, KNPA, wakiongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 chama hicho kikazaa KNCU, kimojawapo cha vyama vya ushirika vya zamani zaidi Afrika. Kwa fedha za kahawa zilijengwa shule, na watoto wa mlimani wakasoma kuliko watoto wa sehemu nyingi za nchi. Chuo cha Ushirika nacho kilianzishwa hapa hapa Moshi mwaka 1963, na leo ni chuo kikuu. Mkubwa wangu nilimwambia kwa ufupi: "Ada ya babu yako ilikuwa mbegu hizi." Akataka kuziona.

Basi tukaenda kuziona. Panda Hiace au chukua gari mpaka Uru, kuelekea Materuni, na karibu kila kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kina migomba juu, kahawa katikati, na magimbi chini. Wapo wenyeji wanaopokea wageni na kuwaonyesha kahawa hatua kwa hatua, na hata ambaye hafanyi kazi hiyo, ukibisha hodi kwa adabu, hakufukuzi. Wakati wa mavuno mtoto anachuma tunda jekundu, analibana kwa vidole, na mbegu mbili zinachupa, zimelaliana tumbo kwa tumbo, zina utelezi mtamu. Watoto wote niliowapeleka wamelamba ule utelezi, na wote wameshangaa kwamba kahawa ina utamu. Kisha mbegu zilizokwisha kukauka zinatiwa kwenye kinu, kila mtoto anapewa zamu ya mchi, zinapepetwa kwenye ungo, zinakaangwa kwenye chungu juu ya kuni. Mwanzoni zinanuka kama majani mabichi, baadaye moshi unapanda na nyumba nzima inanukia. Mdogo alikatazwa kusogelea moto, akapewa kazi ya kuokota maganda yaliyoruka. Aliyaokota yote. Kahawa yenyewe tulikunywa sisi wakubwa, watoto wakapewa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha.

Sasa chakula, na hapa sitakuwa na haraka.

Nawasihi wazazi: msiwalishe watoto chipsi Moshi. Chipsi zipo kila mji wa Tanzania. Huku mtoto yupo kwenye makao makuu ya ndizi, na kumrudisha nyumbani bila kuonja mtori ni kumnyima. Mtori unapikwa kwa ndizi mshare, ndefu kiasi, zimemenywa zikiwa mbichi kabisa, na nyama yenye mifupa. Nyama inatangulia, inachemshwa mpaka ilegee na mchuzi uwe na mafuta yake. Ndizi zinaingia baadaye na kitunguu, zinaiva, kisha zinapondwa kwa mwiko ndani ya sufuria mpaka zinakuwa uji mzito wenye vipande vya nyama. Mpishi mzuri haachi madonge wala hausagi ukawa laini kupita kiasi. Unatakiwa uisikie ndizi bado. Mama aliyejifungua ndicho chakula anachopewa ili arudishe nguvu na maziwa yashuke, kwa hiyo mtoto wa Kichaga anaweza kusema mtori ameuonja tangu kwenye ziwa la mama yake. Hauna pilipili, hauhitaji kutafuna sana, na mtoto mwenye jino linalotingishika anaumaliza. Ni chakula cha asubuhi. Utaupata kwa akina mama lishe wa sokoni, kwenye bakuli la bati, na chapati pembeni.

Tunapenda kwenda Mbuyuni, siku nyingine Soko Kuu. Sokoni watoto wanatangulia kwenye ndizi. Nilidhani wangechoka kuziangalia, lakini mikungu imepangwa chini kwa aina zake na kila aina ina kazi yake: mshare ya mtori, mzuzu ya kukaanga au kuchoma, kisukari ya kula ikiiva, nyingine za kupikia pombe. Bibi mmoja anayenifahamu alimkalisha mkubwa wangu kwenye debe akamfanyia mtihani.

"Hii ni ipi, mjukuu wangu?"

"Ya kuiva."

"Na hii?"

"Ya mtori, bibi."

"Umejuaje?"

Mtoto akaibonyeza, akainusa, akasema ile nyingine imenenepa. Bibi akacheka, akamkatia vidole viwili vya kisukari akakataa hela. "Huyu ataolewa na mtu mwenye shamba," akaniambia, nami nikamjibu kwamba huyu atakuwa na shamba lake mwenyewe. Akaafiki.

Baada ya mtori wapo ndugu zake. Machalari ni ndizi na nyama zisizopondwa, zinazoliwa na mchuzi wake, na kwa watoto wanaopenda kuona wanachokula ndiyo nzuri zaidi. Kiburu ni ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, kizito, kinashibisha kuliko unavyodhani. Nusu bakuli inamtosha mtoto wa miaka minne mpaka jioni. Kisusio, supu inayotiwa damu, nawaachia watu wazima na watoto wenye moyo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, bila shaka ni ya wakubwa, lakini waonyesheni watoto ulezi unaotengenezewa mbege, ile nafaka nyekundu ndogo, halafu waagizieni uji wake. Uji wa ulezi wenye maziwa asubuhi ya baridi ya Julai unamnyamazisha mtoto yeyote.

Jioni ni nyama choma. Sehemu zipo nyingi, na mimi nachagua kwa vitu vitatu: pana uwanja wa watoto kukimbia mbali na barabara, pana choo kisafi na maji ya kunawa, na mchomaji anakuruhusu uchague nyama mwenyewe. Nyama inachukua muda. Ukifika watoto wakiwa na njaa tayari, mtateseka wote, kwa hiyo tunaagiza ndizi choma kwanza, zinakuja haraka, zinatuliza. Mwambieni mchomaji mapema chumvi iwe kidogo na pilipili ikae pembeni. Kachumbari iombeni bila pilipili; huku wanaitia bila kuuliza. Juisi ya miwa iliyosagwa na tangawizi na limau ni nzuri sana, ila angalieni miwa imeoshwa na barafu imetoka wapi. Watoto wadogo nawapa bila barafu.

Lipo jambo linaloniuma. Kuna migahawa mizuri mjini, yenye bustani na viti vya watoto, ambayo orodha yake ya vyakula ina piza za kila aina, tambi na baga, lakini mtori hakuna, machalari hakuna, ndizi ni za kukaanga tu kama kachumbari ya pembeni. Katika mmoja wao niliuliza, mhudumu akaniambia wageni hawaziulizi. Wageni hawawezi kuuliza kitu ambacho hawajawahi kukiona. Sisi wenyeji tukienda tuviulize, kila mara, hadi mwenye mgahawa achoke. Watoto wetu wakikua wakiamini kwamba chakula cha mgahawani ni cha kigeni na chakula cha kwao ni cha kijungujiko, tutakuwa tumepoteza kitu ambacho hakirudishwi na sherehe ya utamaduni ya mara moja kwa mwaka.

Old Moshi nawapeleka siku ya pili, asubuhi, wakiwa wameshiba na hawana haraka. Njia inapita Kiboriloni halafu inapanda migombani, hewa inabadilika, na kando ya barabara unaanza kuona mifereji. Hii mifereji ni kazi ya mababu. Walichimba kwa mikono, wakayatoa maji kwenye mito ya mlimani wakayaelekeza kihamba kwa kihamba, kila ukoo ukiwa na zamu yake ya maji, na mingine inatiririka hadi leo. Kwa mtoto ni mto wa kimo chake. Tunavunja kipande cha jani la mgomba, tunakikunja pembe mbili, kinakuwa mtumbwi, na watoto wanakimbia kando kuufuata mpaka unakwama kwenye jiwe. Pale unapokwama nawaambia maji haya yana wenyewe na yanakwenda shambani kwa mtu, hivyo tunauondoa mtumbwi tusizibe njia.

Tsuduni, Old Moshi, upo mti ambao Wajerumani waliutumia kumnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine. Walikuwa 19 kwa jumla. Sanamu yake imewekwa karibu na hapo. Wazazi wengine huniuliza kama ni mahali pa kupeleka watoto. Naamini ni pa kuwapeleka, ila kwa kipimo. Mdogo anaambiwa kwamba hapa palikuwa na mfalme aliyeilinda nchi yake, wageni wakamuua, na sisi tumekuja kumsalimia. Yanamtosha. Mkubwa anaweza kubeba zaidi: kwamba mwaka 1892 jeshi la Meli liliwashinda Wajerumani na afisa wao von Bülow akauawa, kwamba mwaka uliofuata walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda, na kwamba baada ya kumnyonga inasimuliwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Alipolisikia hilo alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa kiko wapi?"

Mzee mmoja wa pale alikuwa amekaa nasi, na swali lile alilijibu yeye. Alimwambia kwamba hakijapatikana. Kwamba mjukuu wa Meli alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukiulizia. Nami nikaongeza ninachokijua: mafuvu mengi ya watu wa Kilimanjaro yalipelekwa kwenye makumbusho ya Berlin, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha baadhi yake na koo zilizo hai huku mlimani. La Meli halikuwa mojawapo. Mtoto akasema, "Basi wayapime mengine." Yule mzee akamtazama, akasema, "Hivyo ndivyo tunavyowaambia."

Kabla hatujaondoka alituchumia jani la isale. Mmea huu mtauona kila mahali Uchagani, umepandwa kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Aliwaeleza watoto kwamba mtu aliyekukosea akija ameshika isale huwezi kumkatalia msamaha. Waliporudi nyumbani waligombana kwa sababu ya baiskeli, na mdogo akatoka nje kwenda uani kwa jirani kutafuta isale. Alikuja na jani la kitu kingine kabisa. Dada yake akalipokea.

Marangu nitaigusa kwa ufupi, ingawa inastahili siku yake. Kuna makumbusho ya maisha ya Wachaga yenye nyumba ya duara ya nyasi, ambamo watu walilala upande mmoja na ng'ombe na mbuzi upande mwingine, na kuna mapango yaliyochimbwa ardhini kwa ajili ya kujificha wakati wa vita vya zamani na Wamasai. Mapango yanawafaa watoto kwa namna ambayo haikukusudiwa: baba zao wanainama mpaka mgongo unauma, wao wanapita wima. Chukueni tochi moja kwa kila mtoto, msichukue moja ya kugombania. Mtoto anayeogopa giza asilazimishwe. Abaki nje na bibi au shangazi, apewe ndizi.

Kuhusu maji ya kuogelea, watu wengi watawaelekeza Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, na ni kweli panapendeza. Maji ni ya buluu, unaona mpaka chini, mizizi ya miti inaning'inia, na samaki wadogo wanadonoa vidole vya miguu mpaka watoto wanapiga mayowe ya furaha. Ila maji yale yana kina kirefu na yanasukuma. Kodini boya, na mtu mzima mmoja awe ndani ya maji kwa kila mtoto mmoja, asiwe kwenye simu ukingoni. Siku za wikendi na sikukuu panajaa muziki na pombe. Mkiwa na watoto nendeni katikati ya wiki, asubuhi. Maporomoko ya Materuni ni mazuri pia, lakini njia inateleza na maji yana baridi ya mlimani. Wa miaka saba anatembea mwenyewe, wa miaka minne mtambeba kwa kanga.

Kanga, kwa kweli, ndiyo mzigo wangu wa lazima. Inambeba mtoto, inatandikwa kwenye nyasi, inafuta mikono, inafunika kichwa jua likiwa kali, na mtoto akichafuka kabisa anafungwa nayo akarudi nyumbani. Mbali na hiyo nabeba maji, sabuni kipande, na chenji ndogo ndogo za choo na bajaji. Bodaboda na watoto wawili sipandi hata nikichelewa. Bajaji zipo, mnapatana nauli kabla hamjaingia, mnakaa wote kwa usalama. Usiku chandarua, maana mbu wa tambarare hawana huruma.

Mchana wa joto, watoto wakikataa kulala, upo msitu wa Rau, karibu kabisa na mji. Ni msitu wa asili wenye mivule mikubwa sana, na mbega weusi kwa weupe wanaruka juu kwa juu. Chini kuna baridi na kimya cha kutosha kuwasikia ndege. Wekeni shingo zenu tayari kwa kutazama juu, na nendeni na mwenyeji anayezijua njia.

Kilele chenyewe cha Kibo watoto watakiuliza tangu wanafika, kwa hiyo waambieni ukweli mapema: mlima unajificha. Mara nyingi unaonekana alfajiri na jioni, katikati mawingu yanaufunika, na siku nyingine hautoki kabisa. Kwetu aliyeuona wa kwanza anawaamsha wengine. Watoto wa wageni wanaamka saa kumi na mbili kasoro bila kuitwa, kwa ajili ya theluji tu, na wakishaiona mita 5,895 zile hawataki kusikia habari ya kurudi kitandani. Mimi natumia nafasi hiyo kuwaosha na kuwavalisha.

Majira nayo yapimeni. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, matope ya Old Moshi na Materuni hayamfai mtoto mdogo, ingawa mlima mzima unakuwa kijani na ndizi ni tele. Juni na Julai kuna baridi na mawingu, sweta zinahitajika, na kahawa ya miteremko ya chini inakuwa imeanza kuiva. Desemba kuna joto, watu wengi, bei zinapanda, na Hiace zinajaza kupita kiasi. Mkija wakati huo fikeni kabla ya tarehe 20, mkae mjini kwanza, ndipo mpande kwa bibi na babu. Wenyeji watawashangaa kwa nini hamwendi moja kwa moja nyumbani. Waambieni watoto wana kazi mjini. Na mtori wa sokoni uwahini kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo sufuria zinaoshwa na wali unainjikwa.